Mguu unauma, uanzie mlango gani? Mwongozo wa matibabu ya miguu na malipo yake kwa watu wa Arusha na Moshi

Maswali yanayosikika kwenye mabenchi ya wagonjwa wa nje ni yale yale kila wiki. Daktari wa miguu yuko chumba namba ngapi? Bima inalipa viatu? Hiki kidonda nikikiacha hakikauki chenyewe? Nikianzia zahanati si nitapoteza muda? Mwongozo huu umefuata njia utakayopita wewe mwenyewe. Unajikagua nyumbani, unaamua kama jambo ni la leo au la wiki hii, unachagua mlango, na unajua fedha itatoka wapi kabla jina lako halijaitwa dirishani.

Kuna jambo moja la kuelewa mapema, maana ndilo linalowapotezea watu siku nzima. Usitafute mlango ulioandikwa "daktari wa miguu". Kazi ambayo kwenye nchi nyingine hufanywa na mtaalamu mmoja wa nyayo, kwetu imegawanywa. Fangasi, chunjua na magaga ni vya kliniki ya ngozi. Kisigino, kifundo na vidole vilivyopinda ni vya mifupa na fiziotherapia. Kucha iliyoota ndani inaishia chumba cha upasuaji mdogo. Ganzi na kidonda cha mwenye kisukari ni vya kliniki ya kisukari, ikisaidiwa na upasuaji. Viatu na soli maalumu hutengenezwa na mafundi wa viungo bandia. Ukikosea mlango, unalipia kumwona daktari mara mbili.

Weka hivi karibu kabla hujaanza

- Kioo kidogo cha mkononi. Kama mgongo hauinami, kilaze kioo sakafuni na uinue mguu juu yake.
- Mwanga wa kutosha. Tochi ya simu inafaa.
- Beseni, sabuni ya kawaida, taulo safi, mafuta ya mgando.
- Shashi na bandeji kutoka duka la dawa. Pamba iache, nyuzi zake hunata ndani ya kidonda.
- Kikata kucha chako peke yako, kisichoazimwa.
- Bahasha moja ya karatasi zote: kitambulisho cha NIDA, kadi ya bima, daftari la kliniki, majibu ya vipimo vya nyuma na risiti zote ulizowahi kupewa.
- Paketi za dawa unazotumia. Paketi haisahau jina la dawa wala nguvu yake, wewe utasahau.

Hatua ya 1: Kagua miguu yote miwili

Usiishie kwenye mguu unaouma. Mguu mzima ndio kipimo cha ule mgonjwa. Keti mahali penye mwanga, vua soksi zote, kisha anza na kucha, katikati ya vidole, mgongo wa mguu, wayo, na umalizie na kisigino. Unatafuta mpasuko, lengelenge, ngozi iliyolowa na kuwa nyeupe katikati ya vidole, sugu yenye doa jeusi au jekundu ndani yake, mwiba, funza, uvimbe.

Maelezo mengi ya kitabibu husema "tafuta wekundu". Kwenye ngozi nyeusi wekundu unajificha. Ngozi inaweza kuonekana ya zambarau, nyeusi zaidi ya kawaida, au kung'aa tu kwa kuvutika. Kwa hiyo tumia mgongo wa mkono wako: ugusishe mahali pamoja kwenye mguu wa kulia, kisha mahali pale pale kwenye wa kushoto. Upande mmoja ukiwa na joto kuliko mwingine, hiyo ni dalili hata kama rangi haijabadilika.

Mwenye kisukari afanye hivi kila siku, na jioni ndiyo saa nzuri kwa sababu mguu umeshatembea na kama kiatu kimeuma utaona. Wengine mara moja kwa wiki inatosha.

Hatua ya 2: Pima ganzi kwa vidole sita

Hii huifanyi peke yako. Mwite mtu wa nyumbani. Lala au keti, vua viatu, funga macho. Mwenzako akuguse kwa ncha ya kidole chake cha shahada, taratibu, kwa sekunde 1 hadi 2, kwenye ncha ya kidole gumba, cha kati na cha mwisho cha kila mguu. Asifuate mstari, aruke kulia na kushoto. Asikandamize, asichezeshe kidole, na asirudie pale ulipokosa. Wewe useme "kulia" au "kushoto" kila unapohisi.

Ukishindwa kuhisi vidole 2 au zaidi kati ya hivyo 6, mguu umepoteza hisia na lazima upimwe hospitalini. Kipimo hiki hakigharimu hata shilingi. Watu wengi hugundua ganzi siku waliyokanyaga kaa la moto bila kujua, na inasikitisha kwa sababu ingejulikana mapema kwa dakika mbili za kukaa kitandani.

Ganzi haina maana ya kisukari tu. Kama una baka la ngozi lililopauka au lenye rangi ya shaba lisilohisi mguso, uliza kuhusu ukoma. Unatibika, na dawa zake hutolewa bure.

Hatua ya 3: Amua ni la lini

*Leo hii, hata kama ni Jumapili:*

- Kidonda chochote, hata kidogo kama punje ya mahindi, kwa mwenye kisukari au mwenye mguu wa ganzi. Kutokuwa na maumivu si nafuu. Hisia zimekufa, ndiyo maana hakiumi.
- Mguu umevimba na una joto lakini hauumi sana, kwa mwenye kisukari. Mifupa inaweza kuwa inavunjika kimyakimya kwa ndani. Acha kuukanyagia mara moja.
- Kidole cheusi, au mguu uliogeuka baridi ghafla.
- Usaha, harufu, homa, au uvimbe unaopanda juu kila baada ya saa chache.
- Msumari au mwiba mrefu uliopenya soli ya kiatu hadi ndani. Tundu dogo nje linaweza kuwa na uchafu ndani kabisa, na chanjo ya pepopunda inatakiwa.
- Kigimbi cha mguu mmoja kimevimba na kuuma ghafla. Hilo linaweza kuwa damu iliyoganda kwenye mshipa.

*Wiki hii:* ganzi mpya, miguu kuwaka moto usiku, kucha iliyoota ndani, kidole gumba kilichovimba na kuuma ghafla usiku hadi shuka haliguswi (hiyo mara nyingi ni gauti, na bia na nyama nyekundu huichochea), baka lisilohisi, mguu wa mtoto unaopinda.

*Nyumbani kwanza:* magaga, fangasi wa vidole, sugu, lengelenge, kisigino kinachouma asubuhi. Sharti ni moja tu: usiwe na kisukari wala ganzi. Ukiwa navyo, hata sugu ni ya hospitali.

Hatua ya 4: Tibu yale yanayotibika nyumbani

*Magaga.* Loweka miguu kwenye maji ya vuguvugu kwa dakika 10, sugua kwa jiwe la miguu wakati ngozi ingali laini, futa, kisha paka mafuta ya mgando au krimu yenye urea asilimia 10 hadi 25 na uvae soksi za pamba usiku. Rudia kila siku kwa wiki mbili. Kosa la kawaida ni kusugua gaga kavu kwa nguvu hadi litoke damu. Ngozi hujibu kwa kuota nene zaidi. Vumbi la kiangazi na ndala zilizo wazi nyuma hurudisha magaga haraka, kwa hiyo kiatu kinachofunika kisigino ni sehemu ya dawa.

*Fangasi katikati ya vidole.* Osha, kausha kabisa (hapa ndipo wengi wanaposhindwa), paka krimu ya klotrimazol ya asilimia 1 mara mbili kwa siku. Ngozi ikishapona endelea wiki mbili zaidi. Ukiacha siku kuwasha kulipokoma, fangasi walio ndani hurudi ndani ya mwezi. Badilisha soksi kila siku na anika viatu juani. Usinunue krimu mchanganyiko yenye steroidi bila kuandikiwa, ile ambayo muuzaji hukuambia "inamaliza kila kitu". Huondoa mwasho kwa siku tatu huku fangasi wakisambaa.

*Fangasi wa kucha.* Krimu haipenyi ndani ya kucha nene, usipoteze fedha. Tiba ni vidonge, mara nyingi terbinafini ya miligramu 250 kila siku kwa wiki 12 kwa kucha za miguuni, na ini hupimwa kwanza. Hiyo huandikwa na daktari. Kucha ya kidole gumba huchukua mwaka hadi mwaka na nusu kuota upya, kwa hiyo usiseme dawa imeshindwa mwezi wa tatu.

*Sugu.* Loweka, sugua kidogo kidogo, badilisha kiatu. Sugu ni jibu la ngozi kwa kiatu; ukiiondoa bila kubadilisha kiatu inarudi. Wembe usikaribie. Plasta za asidi za kuondoa sugu hazimfai mwenye kisukari kabisa, maana zinakula ngozi nzima pamoja na sugu.

*Lengelenge.* Usilipasue. Likipasuka lenyewe, acha ngozi yake ya juu ifunike, osha kwa maji safi na sabuni, funika kwa shashi.

*Kisigino kinachochoma hatua ya kwanza asubuhi.* Mara nyingi ni utando mnene wa chini ya wayo uliochokozwa. Kabla hujashuka kitandani, vuta vidole kuelekea kwako kwa taulo, sekunde 30, mara 3. Mchana, simama ukiegemea ukuta na unyooshe kigimbi, sekunde 30, mara 3 kila mguu. Jioni bingirisha wayo juu ya chupa ya maji yaliyogandishwa kwa dakika 5 hadi 10. Usitembee peku kwenye sakafu ya saruji wala kwa ndala nyembamba. Hupona, ila ni kazi ya miezi. Wengi huacha mazoezi wiki ya pili.

*Kucha iliyoota ndani, bado haina usaha.* Maji ya vuguvugu yenye chumvi, kijiko kimoja cha chai kwenye nusu lita, dakika 15, mara 2 hadi 3 kwa siku. Vaa kiatu kipana. Usichimbe pembe. Kila unapochimba unaacha kipande chenye ncha, na hicho ndicho kinachochoma nyama wiki mbili baadaye.

*Funza.* Pini moja kuzungushwa kwa watoto watano inasambaza magonjwa ya damu. Atolewe kwa sindano mpya ya hospitali, au apakwe mafuta ya dimethikoni pale yanapopatikana. Mafuta ya taa na dawa ya kupulizia wadudu huunguza ngozi ya mtoto, acheni.

Hatua ya 5: Chagua mlango

Anzia zahanati au kituo cha afya cha karibu, isipokuwa ni dharura. Sababu si urasimu. Pale unapimwa sukari, unasafishwa kidonda, unapewa chanjo ya pepopunda, na unaandikiwa barua ya rufaa ambayo bima itaidai huko juu.

Ukiwa Moshi, ngazi ya mkoa ni Mawenzi, katikati ya mji. Ya kanda ni KCMC, ambako daladala zimeandikwa hivyo hivyo ubavuni. Ukiwa Arusha, ngazi ya mkoa ni Mount Meru, na zipo pia hospitali za mashirika ya dini kama Arusha Lutheran Medical Centre. Rufaa ya kanda kwa mtu wa Arusha ni KCMC, safari ya takriban kilomita 80, kwa hiyo siku ya kliniki ithibitishe kabla ya kusafiri. Kila kliniki maalumu ina siku zake.

Kaskazini tuna bahati ambayo wengi hawaijui. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilicho KCMC kilifunguliwa mwaka 1992 na kinafundisha wataalamu wa nchi nyingi za Afrika. Hapo hapo kuna TATCOT, chuo cha mafundi wa viungo bandia na vifaa saidizi kilichoanza mwaka 1981. Soli ya kupunguza shinikizo, kiatu maalumu, kifaa cha kushikilia kifundo: vitu ambavyo mtu wa mkoa mwingine anavifuata kwa basi la usiku, wewe viko jirani. Uliza kwa jina "karakana ya viungo bandia", kwa sababu ukiuliza "viatu vya kisukari" utaelekezwa dukani.

Hatua ya 6: Panga fedha kabla ya kupanda daladala

Kwanza jua uko kundi gani.

*Una bima ya NHIF, yaani Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya.* Hakikisha uanachama uko hai. Mwajiri akichelewesha mchango utajua dirishani, na siku hiyo ndiyo mbaya kuijulia. Kwa hospitali ya kanda chukua barua ya rufaa, isipokuwa iwe dharura. Kabla ya kipimo kikubwa, upasuaji au kifaa kama kiatu maalumu, muulize afisa wa bima wa hospitali maswali matatu: kipo kwenye kitita changu, yaani orodha ya huduma ninazolipiwa? Kinahitaji kibali kabla? Kuna kiasi nitakachoongezea mwenyewe? Dawa ikikosekana hospitalini, usitoke ukainunua kwa fedha zako. Rudi dirisha la bima uelekezwe duka la dawa lenye mkataba na mfuko.

*Una CHF iliyoboreshwa, yaani mfuko wa afya ya jamii.* Hii ni ya kaya na inaanzia ngazi ya chini: zahanati, kituo cha afya, wilaya, kisha mkoa kwa rufaa. Ukiruka ngazi, unalipa taslimu. Hakikisha majina ya wote unaowategemea yapo kwenye kadi.

Kuhusu viwango, Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023 na utaratibu wa vifurushi umekuwa ukibadilika. Bei ambayo jirani alilipa mwaka juzi usiitegemee. Uliza ofisi ya mtendaji wa mtaa, kata au kijiji, au ofisi ya mfuko. Na usingoje kidonda ndipo ukate bima. Kadi nyingi hazianzi kufanya kazi siku ile ile unayolipia.

*Umeumia kazini.* Msumari wa saiti, mashine ya kiwandani, jiwe la mlimani kwa mpagazi mwenye mwajiri: hilo ni jambo la Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Mwambie mwajiri siku hiyo hiyo, kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa simu. Ukikaa kimya miezi mitatu kisha kidole kikakatwa, ushahidi wa kwamba uliumia kazini utakuwa mgumu kuupata.

*Una miaka 60 au zaidi na huna uwezo.* Kuna utaratibu wa matibabu bure kwa wazee wasiojiweza. Kitambulisho chake hutoka halmashauri kupitia serikali ya mtaa au kijiji. Mzee akatafutiwe sasa akiwa mzima, maana siku ya kuumwa hakuna wa kuzunguka ofisi.

*Huna bima na huna fedha.* Nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali, ukiwa na barua ya mtendaji wa mtaa au kijiji inayoeleza hali ya kaya yako. Nenda kabla ya huduma kubwa. Afisa atakuhoji, na anaweza kukupa msamaha wote, sehemu, au kulipa kwa awamu. Wengi huenda baada ya bili kufika, wakati mkono wa afisa huyo umeshakuwa mfupi. Hakuna aibu hapa. Ofisi hiyo iliwekwa kwa ajili yako.

*Unalipa taslimu.* Hospitali za serikali hukupa kontroli namba, unalipa kwa simu au benki. Usimpe mtu noti mkononi, hata aliyevaa koti jeupe. Risiti bila namba ya malipo si risiti.

Sasa piga hesabu ya kweli, kwa sababu watu huuliza bei ya kumwona daktari na kusahau gharama inayomaliza fedha, yaani kusafisha kidonda. Kidonda kikisafishwa mara 3 kwa wiki kwa wiki 8, hizo ni safari 24. Tuseme, kwa mfano tu, kila safari inakula 8,000, nauli na vifaa pamoja. Hiyo ni 192,000. Kikisafishwa zahanati unayoifikia kwa bodaboda ya jirani kwa 2,000, ni 48,000. Kwa hiyo siku ya kwanza muombe daktari akuandikie barua: kidonda kisafishwe kwa dawa gani, mara ngapi, na dalili gani zikionekana urudishwe. Barua hiyo moja inaokoa fedha nyingi kuliko punguzo lolote utakaloomba.

Hatua ya 7: Ndani ya chumba cha daktari

Vua viatu na soksi za miguu yote miwili kabla hujaulizwa. Foleni ni ndefu, na daktari aliyeona soksi anaweza kuandika dawa akiwa amekaa. Nenda na viatu unavyovaa kila siku, si vya kanisani. Mlalo wa soli iliyoliwa unamwambia jinsi unavyokanyaga. Kucha usipake rangi wala hina siku hizo.

Mwenye kisukari, omba mambo matatu yafanyike walau mara moja kwa mwaka: kupimwa hisia kwa uzi maalumu wa gramu 10, kuguswa mapigo ya damu mguuni, na kukaguliwa viatu. Yasipofanyika, uliza kwa heshima: "Daktari, naomba unipime hisia za miguu." Hakuna atakayekasirika.

Kabla ya kutoka, pata majibu ya haya: ugonjwa unaitwaje (uandikwe), ninyanyue mguu au nitembee, nirudi lini, na kitu gani kikitokea nirudi kabla ya tarehe.

Hatua ya 8: Kidonda kipumzishwe

Kidonda cha wayo hakiponi kikiwa kinakanyagwa. Unaweza kusafishwa kwa dawa ya ghali kuliko zote na kila hatua ikakifumua upya. Omba magongo, plasta ngumu ya kugawanya uzito, au kiatu cha kuondoa shinikizo, na uvitumie hata ndani ya nyumba. Safari ya usiku kwenda msalani nayo ni kukanyaga.

Wakati wa kununua viatu, iwe ni mitumba ya Memorial au Kilombero, nenda alasiri, mguu ukiwa umetanuka. Simama navyo vyote viwili. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono. Ingiza mkono ndani usikie mishono na misumari. Mtumba mzuri nje unaweza kuwa na soli ya ndani iliyopinda kwa mguu wa mtu mwingine, basi ing'oe na uweke mpya. Ndani ya yeboyebo miguu huchemka. Na kila asubuhi kung'uta kiatu kabla ya kuvaa.

Makosa yanayogharimu mguu

Majivu, dawa ya meno, unga wa kapsuli, mafuta ya breki kwenye kidonda: vyote huficha usaha na vingine huunguza. Maji ya moto kwa mguu wa ganzi: pima kwa kiwiko, au mwingine apime. Kuota moto jikoni msimu wa baridi, mwezi wa sita na wa saba, ndiko kunakounguza watu wa Marangu na Ngaramtoni wenye kisukari. Antibiotiki nusu dozi za kununua kidonge kidonge. Na vifaa vya wale vijana wanaozunguka na vikapu kusugua miguu na kupaka rangi kucha: kazi yao ni halali, lakini jiwe lile lile limepita miguu ishirini tangu asubuhi. Toa vifaa vyako mwenyewe akutumie hivyo.

Ikikwama

*Krimu ya fangasi imetumika wiki nne, hakuna nafuu.* Huenda si fangasi. Nenda kliniki ya ngozi, na uache krimu siku chache kabla ili kipimo cha kukwangua ngozi kisidanganye, ukiwa umewauliza kwanza ni siku ngapi.

*Kidonda hakijapungua baada ya wiki nne za kusafishwa.* Muulize anayekusafisha maswali manne: sukari iko wapi? Damu inafika mguuni? Mfupa umepigwa picha? Bado nakikanyaga? Jibu moja likikosekana, omba rufaa. Kupiga kidonda picha kila wiki, rula ikiwa pembeni, kutakuonyesha ukweli ambao jicho la kila siku halioni.

*Bima imekataliwa dirishani.* Omba sababu iandikwe au usomewe kwenye kompyuta: uanachama umekwisha, rufaa haipo, au huduma haimo. Kila moja ina ofisi yake: mwajiri, kituo ulikotoka, au afisa wa bima. Ukiambiwa tu "mfumo umekataa", usiondoke.

*Nimeambiwa kidole kikatwe.* Uliza kama damu imepimwa na kama kuna njia ya kuifungua, na una haki ya kuomba maoni ya daktari wa pili. Lakini yaombe ndani ya siku chache, si majuma. Anayekwenda kwanza kwa mganga kwa wiki tatu akitafuta njia nyingine, akirudi mara nyingi si kidole tena kinachozungumziwa.

*Mgonjwa ni mzee wa kijijini na hataki kuja.* Mpigie picha mguu mchana, pande nne, mwonyeshe mhudumu wa afya wa jamii au muuguzi wa zahanati ya pale. Aje na shashi nyumbani kwanza. Mzee akishaona kwamba hakuna aliyekuja na msumeno, safari ya Mawenzi au Mount Meru inazungumzika.